Mraba pia ni mstatili

Mwulize mwanafunzi wa shule ya msingi mstatili ni nini. Aghalabu atakujibu bila kusita: ni umbo la pande nne, mbili ndefu na mbili fupi. Mwulize tena iwapo mraba ni mstatili, naye atakucheka. Majibu hayo humpa alama katika somo la Kiswahili. Kipindi kifuatacho, katika Hisabati inayofundishwa kwa Kiingereza, huenda akaambiwa kinyume chake. Hapo atajifunza jambo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba Kiswahili ni lugha ya kutajia vitu, ilhali Kiingereza ni lugha ya kuvifikiria.

Fasili hiyo iliyozoeleka ina kasoro mbili. Kwanza, inamkaribisha mgeni. Msambamba ulioinama nao una pande mbili ndefu na mbili fupi, lakini hauna hata pembe moja ya nyuzi 90. Pili, inamfukuza mwenye nyumba. Mstatili ni umbo la pande nne ambalo pembe zake zote ni za nyuzi 90. Sharti hilo mraba unalitimiza. Kilichozidi ni kwamba pande zake zote zinalingana. Kwa istilahi za isimu, mraba ni hiponimu ya mstatili, kama vile mtamba na fahali walivyo hiponimu za ng'ombe. Nani atakayesema kuwa mtamba si ng'ombe kwa sababu ana jina lake?

Wapo watakaopinga kwa hoja ya asili. Neno mstatili, watasema, latokana na Kiarabu, na huko lina maana ya kilichorefuka. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini chimbuko la neno si fasili yake. Pembe ilikuwa ya ng'ombe na ya ndovu kabla ya kuwa ya pembetatu.

Wengine watamtaja Euclid, Mgiriki aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, ambaye katika fasili zake aliutenga mraba na mstatili. Ni kweli. Hata hivyo, wanahisabati wa leo wameiacha njia hiyo kwa sababu za manufaa. Ukithibitisha kwamba mistari miwili inayounganisha pembe zinazotazamana za mstatili ina urefu sawa, umekwisha kuthibitisha hivyo kwa mraba. Anayeyatenga maumbo haya hana budi kuanza upya.

Hapana shaka, seremala akiagizwa meza ya mstatili hatachonga ya mraba. Hiyo ni desturi ya mazungumzo: msemaji hutarajiwa kutumia jina mahususi zaidi alilo nalo. Desturi ya mazungumzo ni jambo moja, na fasili ni jambo jingine.

Pembe nayo imedhulumiwa vivyo hivyo. Mara nyingi husemwa kuwa ni mahali ambapo mistari miwili hukutana. Iwapo ni mahali tu, basi pembe zote ni sawa, kwa maana nukta haina ukubwa! Ndiyo sababu mwanafunzi akirefusha mistari hudhani pembe imekua. Afadhali tuseme kuwa ukubwa wa pembe ni kiasi ambacho mstari mmoja hauna budi kuzunguka, kutoka hapo walipokutana, hata uulalie mwenzake. Kwa fasili hiyo, urefu wa mistari hauna neno.

Kiswahili hakikosi maneno ya kuyaeleza haya. Watanzania wameyafundisha kwa miaka mingi katika Hisabati ya shule za msingi. Tunachokosa sisi ni uangalifu. Watunzi wa vitabu vya Kiswahili na walimu wa Hisabati na waketi pamoja, wazipime fasili hizi moja baada ya nyingine. Na mtahini akikutana na mtoto aliyeandika kwamba mraba ni mstatili, asimkate alama. Mtoto huyo amefikiri, tena amefikiri kwa Kiswahili.