Vyandarua pekee havitoshi Nyarugusu

Mwandishi, makala yako ya malaria imeishia kwenye vyandarua. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, inahifadhi Wakongo tangu 1996, na mwaka 2015 wakaingia Warundi kwa maelfu. Nyumba nyingi humo ni za matofali ya udongo unaochimbwa hapohapo jirani. Mvua ikinyesha, shimo linageuka dimbwi lililo wazi juani, na hapo ndipo anofelesi, mbu wa malaria, hupenda kutaga. Wiki moja au mbili tu, mbu wameruka. Jamani, mashimo yafukiwe kabla ya mvua za Novemba! Na kwa wanaoishi kwenye hema, chandarua kitafungwa wapi? Watoto wanne mkeka mmoja, miguu inabaki nje usiku kucha. Mkigawa chandarua, gaweni na miti na kamba yake.