Jasho la Mwanamuziki na Amri ya Saba



Wapendwa waamini, juma hili tutafakari dhambi ambayo wachache wetu wamewahi kuiungama: kupiga muziki katika dansi zetu bila kuwalipa walioutunga.

Katika kikao cha halmashauri ya walei, kwaya yetu ililalamika kwamba albamu yake inanakiliwa na kuuzwa mitaani. Sote tulisikitika. Ajenda iliyofuata ilikuwa dansi ya kuchangia paa la kanisa. Mjumbe mmoja akauliza iwapo tumelipia kibali cha muziki. Tulicheka, na mimi paroko wenu nikiwemo. Usiku ule sikupata amani ya moyo.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Anayenunua santuri amenunua nakala ya kusikiliza. Hakununua ruhusa ya kuipiga mbele ya hadhara. Ruhusa hiyo ina malipo yake, nayo huitwa mrabaha. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Kwa hiyo miaka hiyo bado haijatimia, na nyimbo alizozitunga zinazotuinua vitini kila harusi bado zina wenyewe.

Tukumbuke pia habari za Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi wimbo wake "Mbube" mwaka 1939, akauachia kwa malipo kiduchu. Wimbo ukazunguka dunia na kuwatajirisha wengine, naye akafariki mwaka 1962 akiwa fukara. Warithi wake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anatuonya kuhusu ujira uliozuiliwa ambao kilio chake humfikia Mungu.

Wapo watakaosema: "Padre, dansi yetu ni ya kulijengea Kanisa." Je, fundi wa paa hatutamlipa kwa sababu paa ni la Kanisa? Wengine watasema kwamba fedha zikikusanywa haziwafikii wasanii. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Wanaokusanya mirabaha wana wajibu mzito wa kutoa hesabu, nasi tunayo haki ya kuidai. Lakini hofu ya wizi wa mwingine haihalalishi wizi wangu. Anayelipa na kutunza stakabadhi ndiye anayeweza kuhoji bila kuona haya.

Kwa hiyo nimeiomba halmashauri ikubali mambo matatu. Kwanza, gharama ya kibali iingizwe katika bajeti ya kila dansi ya parokia, na anayekodi ukumbi aoneshe kibali chake kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Pili, mpiga muziki aandike orodha ya nyimbo alizopiga, ili malipo yawe na anwani. Tatu, bendi ikialikwa, ilipwe usiku uleule, wala isiambiwe kwamba thawabu yake iko mbinguni.

Pengine paa litachelewa mwezi mmoja. Heri tunyeshewe kidogo, kuliko kusali chini ya bati lililonunuliwa kwa jasho la mwingine.

Mungu awabariki nyote.