Mguu Kifundo Unatibika, Tusiwafiche Watoto

Mtoto anayezaliwa na mguu kifundo, wayo ukiwa umejikunja kuelekea ndani, hana kosa, wala mama yake hana kosa. Hakurogwa, na mizimu haikukasirika. Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 800 huzaliwa hivyo, awe wa Kilolo, Rungwe au Ulaya. Tofauti ni kwamba mwenzake wa Ulaya hupelekwa hospitali mapema, na wetu mara nyingi hufichwa chumbani mpaka mifupa ikomae.

Tiba ipo, nayo haihitaji upasuaji mkubwa. Ni njia ya Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mtaalamu huunyoosha wayo kidogo kwa mikono, kisha huufunga hogo kuanzia vidoleni hadi pajani. Baada ya wiki hulifungua, hunyoosha tena, hufunga jingine. Mahogo 5 au 6 kwa kawaida hutosha. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi, na hogo la mwisho hukaa wiki 3. Halafu huja viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau: miezi 3 usiku na mchana, kisha wakati wa kulala tu hadi umri wa miaka 4 au 5. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hapa neno lao ni tiba kamili.

Ugumu uko njiani. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya ni ya lami, lakini mama wa kijiji cha ndani lazima kwanza aifikie, kwa bodaboda au kwa miguu, mtoto mgongoni. Januari mvua zinanyesha, njia zinateleza, mahindi yanadai palizi. Wiki ya tatu nauli imekwisha. Mwingine anaona wayo umenyooka, anaviweka viatu darini, na mguu unarudi kujikunja. Kisha sisi tunamwita mzembe, ilhali hatukumuuliza atasafirije.

Tufanye nini basi? Mkunga akague miguu ya kila mtoto kabla mama hajaondoka, na amwelekeze hospitali kubwa bila kungoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo zijue kila mtoto wa namna hii na wiki yake ya matibabu. Vikundi vya vikoba, jumuiya za makanisa na misikiti, tunachangia harusi kwa mamilioni. Nauli ya wiki 6 itatushindaje? Na kina baba, msimwachie mama mzigo huu peke yake. Mkono mmoja haulei mwana.

Wapo pia watoto ambao ulemavu wao hautaondoka. Nao si wa kufichwa. Pale Iringa mjini, katika karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kulea familia zao.

Basi, kama kijijini kwako yupo mtoto mwenye mguu kifundo, nenda kwa wazazi wake leo. Usiende kuwapa pole tu. Waulize kliniki ni lini, na nauli imepungua kiasi gani, kisha waite majirani mchange.