Amana ya Nyoka Si Amana ya Mbuzi

Katika jamii nyingi za wafugaji nchini Kenya, kumwachia jamaa au rafiki mbuzi wa kumlisha si jambo geni. Mlezi hukama maziwa, pengine akazawadiwa mwanambuzi, na makubaliano ya mdomo hutosha kwa kuwa pande zote mbili zinamjua mbuzi. Desturi hiyo njema ndiyo inayompotosha mfuga nyoka. Akipata masomo ya miaka 2 ng'ambo, humwita binamu, humwonyesha kizimba, humwambia "mpe panya", kisha hushika njia.

Tuseme mwenye chatu anakaa Voi na binamu yuko Wusi. Voi ni tambarare ya joto. Wusi iko katika milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria hufikia mita 2,208, na mwezi wa Julai huko ni baridi na ukungu. Nyoka hana joto lake mwenyewe, hulipata nje. Akishiba kisha akapatwa na baridi, chakula hakisagiki, naye hukitapika au kikamwozea tumboni. Mlezi mwenye huruma, akidhani ni njaa, humwongezea panya mwingine. Kumbe chatu mzima anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula asidhurike. Tena macho yake yakifanya utandu wa rangi ya maziwa, anakaribia kujivua gamba, wala hapaswi kushikwashikwa. (Ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu haina msaada hapa.)

Liko pia suala la sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumweka mnyamapori kunahitaji kibali, na nyoka ni mnyamapori. Kibali hicho hakikabidhiwi pamoja na ufunguo wa nyumba. Binamu asiye na hatia anaweza kujikuta mbele ya hakimu kwa sababu ya wema wake. Kwa hivyo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liulizwe kabla chatu hajapandishwa mlimani. Ama akiwa ni moma, fira au koboko, nyumba ya jamaa si mahali pake hata kidogo. Waombwe mapema wenye ujuzi, kama vile kituo cha Bio-Ken cha Watamu, kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, na mwombaji awe tayari kukataliwa.

Maelezo ya ulezi yaandikwe, tena kwa Kiswahili anachokisoma mlezi. Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana kazi. Vitabu vingi vya ufugaji wa nyoka ni vya Kiingereza, na vinazungumzia nyumba za Ulaya zenye umeme usiokatika. Majina nayo yanayumba: anayeitwa moma na huyu huitwa kifutu na yule. Muuguzi akiambiwa tu "ameumwa na nyoka", ameambiwa machache mno. Orodha ya majina, ya Kitaita yakiwemo, ingeokoa maisha kuliko tasnifu kadhaa zinazolala maktabani.

Hati hiyo itaje gharama ya panya, na nani atalipa hospitali mlezi akiumwa. Itaje pia kile ambacho wengi huona haya kukiuliza: mwenyewe asiporudi, chatu ni wa nani?