Baruti ya Risasi Nzito

Miongoni mwa wawindaji wa Marekani wako watu, wala si haba, ambao hawapendi kununua risasi zilizokwisha tengenezwa, bali huyayeyusha madini ya risasi kwa mikono yao, wakayachanganya na bati na antimoni kidogo ili yapate ugumu, wakayamimina katika kalibu yawe vipande, kisha wakavishindilia vipande hivyo, pamoja na baruti na fataki mpya, katika maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa. Khitilafu yao kubwa, nayo ni ya miaka mingi, ni juu ya baruti ipi iwafaayo kwa vipande vizito. Naona wengi wao hulianza suala hilo upande usiokuwa wake, kwa kuwa huuliza baruti gani itakirusha kipande kwa kasi kupita zote, ilhali lililo muhimu ni baruti gani itakisukuma taratibu, na kwa namna ile ile kila bunduki ipigwapo.

Tulitazame ganda maarufu la .45-70, ambalo jeshi la Marekani lililipokea mwaka 1873 pamoja na bunduki ya Springfield. Jina lake lenyewe ni hesabu: upana wa sehemu 45 za mia za inchi, na greni 70 za baruti nyeusi, nazo zilisukuma kipande cha greni 405, yaani gramu 26 hivi, kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Bunduki nyingi za leo huupita mwendo huo maradufu, na hapana shaka vijana huucheka; walakini kipande kipana na kizito, kikienda kwa mwendo huo huo wa kizamani, aghalabu humpenya mnyama mkubwa kama elki kikatokea upande wa pili, madhali mwindaji amesogea karibu kama apaswavyo. Akijaribu kupiga kutoka mita 200, kipande kitakuwa kimeshuka zaidi ya mita moja chini ya mstari wa mtutu kabla ya kumfikia mnyama, na hapo hesabu ya kulenga huwa ngumu. Dawa ya upungufu huo ni miguu ya mwindaji, wala si baruti kali zaidi.

Baruti nyeusi, iliyo mchanganyiko wa shura, makaa na kibiriti, ilikuwa na fadhila moja ambayo watu waliisahau upesi: ililijaza ganda lote, pasibakie nafasi tupu. Aibu yake ni kwamba zaidi ya nusu yake haigeuki kuwa gesi, bali hubakia masizi na moshi, na masizi yale huvuta unyevu na kuulisha mtutu kutu usiposafishwa mapema. Kwa hiyo Mfaransa Paul Vieille alipovumbua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, ulimwengu uliipokea kwa furaha, na kwa haki. Lakini baruti hiyo ina nguvu nyingi katika ujazo mdogo, na katika ganda kubwa la zamani kiasi kidogo cha ile iwakayo upesi hulala chini kama mchanga katika mtungi.

Hapo hatari ni mbili. Ya kwanza, na iliyo kubwa, ni kwamba mtu aliyeghafilika aweza kutia kipimo mara mbili katika ganda moja asitambue, kwa sababu vyote viwili huenea. Na bunduki ikapasuka usoni pake. Ya pili ni kwamba baruti hiyo hujongea mbele au nyuma kwa jinsi bunduki inavyoinuliwa, na mwako wake hubadilika. Wako waliotia usufi juu ya baruti ili kuituliza mahali pake, usufi ule ule unaojaza mito yetu ya pwani, na wako wanaosema kwamba tendo hilo huacha pete ndani ya mtutu. Mimi siutaki ugomvi huo. Atakayechagua baruti inayolijaza ganda hana haja ya usufi.

Fauka ya hayo, risasi ya kumiminwa ni laini. Gesi yenye joto ikipanda kwa ghafula hula kitako cha kipande, ikapenya kandoni, na kuyapaka madini katika mifuo ya mtutu hata shabaha ikapotea. Kikombe chembamba cha shaba kitakoni husaidia, kadhalika nta ya nyuki katika mikunjo, lakini havimwondolei mtu lawama ya kuchagua baruti ya pupa.

Kwa ganda la .45-70 mimi ningeshika baruti za mwako wa wastani, kama IMR 3031, au H4895, ambayo watengenezaji wake wenyewe huruhusu ipunguzwe hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu kabisa. Na kipimo chenyewe ningekitoa katika kitabu chao, si katika kinywa cha jirani. Vitabu hivyo huligawa ganda la .45-70 katika daraja tatu kwa nguvu za bunduki, kwa sababu bunduki ya 1873 na ya kiwandani leo hulipokea ganda lile lile, na kipimo kinachovumilika na hii ya leo chaweza kuivunja ile ya kale. Basi anayerithi bunduki ya babu yake na aifungue kwanza aijue ni ya daraja gani, kabla hajaligusa kopo la baruti.