Sauti za wazee zifike hadi kambini

Faili za RealAudio zilivuma miaka ya 1990, lakini simu nyingi za leo hazizifungui. Redio ya jamii hapa Kivu yenye mahojiano ya wazee katika faili hizo iyageuze sasa. Programu ya FFmpeg hufanya kazi hiyo bure.

Wengine watapenda AC-3, yenye njia 6 za sauti kumzunguka msikilizaji. Lakini aliyekimbia vita anasikiliza kwa simu ndogo, na sauti iliyonaswa kwa maikrofoni moja haiongezeki kwa kugeuzwa. MP3 inamtosha.

Faili ya kwanza isifutwe: kila kugeuza kwa MP3 kunapunguza ubora kidogo. Kijiji kikichomwa, sauti ya mzee ndiyo itakayowaambia watoto walikotoka.