Staa Kapungua Mnamsema, Mama Mdogo Bima Inamwambia "Huo ni Urembo"

Haya wadau, najua wengi mmefungua hapa kutafuta jina. Hamlipati, jina kapuni. Lakini picha mmeiona wote: gauni jeusi, kiuno kimerudi, mashavu yamekwenda. Alipoulizwa kafanyaje akasema maji ya ndimu, tangawizi na kutembea jioni. Basi nusu yenu mkakimbilia sokoni kununua tangawizi, nusu nyingine mkaanza matusi: kakatwa utumbo huyo, mvivu wa mazoezi, hela inamsumbua.

Mimi sijui alifanya nini na sitaki kulisemea tumbo la mtu. Ila mmemuumiza mama yangu mdogo, nyie pamoja na huyo staa, na mama mdogo mwenyewe hata Instagram hana. Yeye yuko Mvumi. Mvumi yetu ya Kilosa, siyo ile ya Dodoma yenye hospitali ya miaka mingi. Sisi Mvumi yetu ni mahindi, mpunga na vumbi la barabara.

Mama mdogo ana kilo 112 na urefu wa mita 1.58. Chukua simu upige hesabu: 1.58 mara 1.58, halafu 112 gawanya kwa jibu. Inakuja karibu 45, ndiyo BMI hiyo. Ana presha, ana sukari, magoti yakikaa chini kunyanyuka ni mpaka ashikwe mkono. Na msiniambie apunguze ugali. Ameacha ugali mara ngapi mimi mwenyewe nikiwepo, anapungua kilo nane, mwaka ukigeuka zinarudi kumi.

Sasa tukisema ukweli kidogo kuhusu hiki mnachokiita "kukatwa utumbo", maana mnachanganya vitu. Kuna puto. Hilo linaingizwa tumboni kwa kupitia mdomoni, linajazwa maji, linakaa miezi sita au mwaka kutegemea aina, kisha linatolewa. Hakuna kisu. Muhimbili Mloganzila walianza kuliweka 2022 na mitandao ikawaka, mnakumbuka. Halafu kuna upasuaji wenyewe: ule unaojulikana sana wanaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kitu kama bomba jembamba. Haurudishwi huo. Ukishafanyiwa utameza vitamini maisha yako yote na kula vijiko vichache vichache kama mtoto anayeanza uji. Anayesema ni njia ya mkato aniambie mkato uko wapi.

Na daktari hakukubalii kwa sababu una hela. Kuna vigezo. Kwa miaka mingi duniani walitumia vile vya Marekani vya 1991: BMI 40 kwenda juu, au 35 kama una ugonjwa unaoambatana na unene, kama sukari. Mwaka 2022 madaktari wa upasuaji huo wakashusha, 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine. Baada ya hapo unapimwa damu, moyo, wanaingiza kamera kuangalia tumbo, unakaa na mtu wa lishe, na mtu wa saikolojia anakuuliza kwa nini unakula ukiwa na huzuni. Mama mdogo hapo kwa saikolojia alilia. Alisema ni mara ya kwanza mtu aliyevaa koti jeupe kumuuliza swali bila kumcheka.

Kwa sababu kabla ya hapo alishachekwa. Hospitali moja, sitaitaja, nesi alimwangalia akamwambia, "Mama, si unywe tu ndimu kama fulani?" Fulani ndiyo huyo staa wenu. Mnaona sasa tangawizi yake ilivyofika mpaka chumba cha kupimia presha.

Kwa hiyo daktari amekubali, mama mdogo kafurahi, tukajua imeisha. Kadi ya bima anayo kupitia kazi ya mumewe (bima gani, msiniulize). Maombi yakaenda, jibu likarudi mstari mmoja: huduma za urembo hazigharamiwi.

Urembo! Mwanamke wa miaka 41 anayeswali kwenye kiti kwa sababu ya magoti ndiyo anatafuta kiuno cha kupiga nacho picha?

Nilipoomba kuona karatasi zenyewe ndipo nikaelewa. Aliyejaza fomu kaandika "kupunguza uzito", basi. Presha haipo, sukari haipo, BMI haipo. Na mimi ni mtu wa form four tu, lakini nilikaa usiku mzima nasoma. Unene wa kupindukia ni ugonjwa, una namba yake kabisa kwenye orodha ya magonjwa ya WHO, E66. Fomu ikiandikwa "kupunguza uzito" anayeisoma ofisini anawaza saluni. Ikiandikwa E66, sukari na presha, dawa anazomeza tangu lini, kilo zake za kila kliniki, hapo hata akikataa itabidi atoe sababu nyingine. Marekani kwenyewe kampuni nyingi za bima zilikuwa zinadai ushahidi wa miezi sita ya kujaribu lishe kwanza, na madaktari wao wakalalamika kwamba watu wanazidi kuumwa huku wakisubiri.

Sisemi bima ilipe kila mtu. Najua hela ni ndogo, na kuna watoto hawana hata kadi ya kupimia malaria. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023 na kila mtu ana hamu ya kuona itambeba vipi. Ila kama kadi inalipia vidonge vya sukari na presha mwezi hadi mwezi, miaka ishirini, basi angalau mtu akae na kikokotoo kabla ya kuandika neno urembo.

Na wewe staa, ukipita hapa, sikudai uniambie siri zako. Mwili wako. Kama hutaki kusema, nyamaza, ni haki yako. Lakini tangawizi tuachie chai.

Mama mdogo amekusanya kadi zake zote za kliniki tangu 2016, nyingine zimelowa mvua namba hazisomeki vizuri. Daktari amekubali kuandika barua upya. Jumatatu anapanda gari la alfajiri kwenda kuichukua, anashuka Kibamba, mimi namsubiri pale kituoni na bahasha. Amesema nisimletee bodaboda, bodaboda wanamkataa.